Kompyuta ya michezo katika nyumba ndogo: ni kasha gani la kununua?

Wengi wanaojiundia kompyuta za michezo hulichagua kasha mwisho, tena hulichagua kwa macho. Makala haya yanaeleza kwa nini kasha ndilo linaloamua joto, kelele na umri wa vifaa vilivyomo ndani yake. Mfano wetu ni nyumba za ghorofa za Thamesmead, kusini mashariki mwa London.

Mpenzi msikilizaji, Thamesmead iko kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames, sehemu yake ikiwa katika manispaa ya Greenwich na sehemu nyingine katika manispaa ya Bexley. Baraza Kuu la London la wakati huo lilianza kuijenga katika miaka ya 1960 juu ya vinamasi, kwenye ardhi iliyokuwa ya ghala kuu la silaha la Woolwich, na wakazi wa kwanza walihamia mwaka 1968. Kwa kuwa kumbukumbu za mafuriko makubwa ya mwaka 1953 zilikuwa bado mbichi, nyumba za mwanzo hazikuwekewa vyumba vya kuishi chini. Sakafu ya chini iliachiwa magari, na watu wakaishi juu, ndani ya majengo ya zege.

Leo Thamesmead ni makao ya familia nyingi zenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, na tangu mwaka 2014 sehemu kubwa ya mji huo imo mikononi mwa shirika la nyumba la Peabody, ambalo limekuwa likibomoa baadhi ya majengo ya zamani na kujenga mapya.

Lakini je, historia ya mji ina uhusiano gani na kompyuta? Uhusiano upo. Swali la kwanza la mnunuzi wa kasha si kujua lipi linapendeza dukani, bali litakaa wapi. Katika nyumba ya ghorofa chumba cha kijana aghalabu ndicho chumba chake cha kulala, cha kusomea na cha kuchezea. Ukuta wake ni ukuta wa jirani pia. Na zege, likishapata joto la kiangazi, halipoi upesi. Tarehe 19 Julai 2022, kipimajoto cha Heathrow, magharibi mwa London, kilifikia nyuzi joto 40.2, na nyumba nyingi za Uingereza hazina mitambo ya kupoza hewa.

Kasha ni kitu gani?

Huko Afrika Mashariki watu wengi huliita sanduku zima la kompyuta ya mezani "CPU", ingawa jina hilo kwa hakika ni la prosesa, yaani kijidude kidogo kinachofanya hesabu zote. Kasha lenyewe ni sanduku la bati la chuma au la alumini, lenye nafasi za kufungia ubao mama, kadi ya grafiki, diski, feni na kifaa cha kugawa umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Kazi zake ni tatu. Ya kwanza ni kuvibeba vifaa hivyo bila kulegea. Ya pili ni kuvipitishia hewa. Ya tatu ni kuvikinga na vumbi, maji na vidole vya watoto. Taa za rangi na vioo, ambavyo ndivyo vinavyopamba matangazo ya biashara, havimo katika kazi hizo tatu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kijisanduku cha urembo, na methali hiyo inalifaa somo letu la leo.

Kuna sababu nyingine ya kulipa kasha heshima yake. Prosesa na kadi ya grafiki huchakaa kwa maana ya kupitwa na wakati, na mchezaji huzibadilisha kila baada ya miaka michache. Kasha zuri halipitwi haraka hivyo. Kanuni ya vipimo iitwayo ATX ilitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, na hadi leo ubao mama wa ATX hufungwa kwa skrubu zile zile mahali pale pale. Anayenunua kasha leo, basi, anaweza kuwa ananunua nyumba ya kompyuta tatu zijazo.

Vipimo kabla ya pesa

Mbao mama zinazouzwa kwa wingi ni za ukubwa wa aina tatu. ATX ina urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244. Micro-ATX ni mraba wa milimita 244 kila upande. Mini-ITX, iliyobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170. Kasha kubwa kwa kawaida hupokea ubao mdogo, lakini kasha dogo haliwezi kupokea ubao mkubwa.

Ukubwa wa kasha hupimwa kwa lita, kama pipa la maji. Kasha lenye kimo cha sentimita 45, upana wa sentimita 21 na kina cha sentimita 45 lina ujazo wa lita 42 na nusu hivi. Makasha madogo ya Mini-ITX huwa na lita 10 hadi 20. Kwa chumba chenye kitanda, kabati na meza, tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo udogo una gharama yake: vifaa vya makasha madogo mara nyingi ni ghali zaidi, mikono haiingii kwa urahisi, na hewa hupata njia finyu.

Baada ya ubao mama, mnunuzi apime vitu vitatu kwa rula.

Kwanza ni urefu wa kadi ya grafiki. Kadi ya Nvidia RTX 4090 iliyotengenezwa na kampuni yenyewe, na kutoka mwaka 2022, ina urefu wa milimita 304, na kadi za makampuni mengine zenye uwezo huo huo aghalabu ni ndefu zaidi. Sasa chukua kasha linalotangazwa kupokea kadi ya milimita 360. Mnunuzi akiweka mbele yake redieta ya kupoza prosesa kwa maji, yenye unene wa milimita 27, pamoja na feni zake zenye unene wa milimita 25, amekwisha kula milimita 52. Zimebaki 308. Kadi ya milimita 304 itaingia kwa shida, na ya milimita 330 haitaingia kabisa. Tangazo la dukani halikudanganya. Ni mnunuzi ndiye hakutoa hesabu.

Pili ni kimo cha kipoza prosesa. Vipoza vikubwa vya hewa hufikia kimo cha milimita 165, kwa hiyo kasha jembamba halitafunga mlango wake.

Tatu ni nafasi kati ya kadi ya grafiki na mlango wa pembeni. Kadi za siku hizi zenye nguvu hupokea umeme kwa plagi moja ndogo yenye nyaya nyingi, na watengenezaji wa nyaya hushauri waya usikunjwe karibu mno na plagi. Umbali wa milimita 35 hutajwa mara nyingi. Mlango wa kioo ukiusukuma waya huo, plagi huweza kukaa upande, ikashika moto na kuyeyuka.

Kila wati ni joto

Tuje sasa kwenye hewa, ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kompyuta haibebi mizigo wala haipandi mlima. Umeme wote inaoutumia, isipokuwa sehemu ndogo sana, huishia kuwa joto chumbani. Mwaka 2016, kadi ya kiwango cha kati, GTX 1060, ilipangiwa kutumia wati 120. RTX 4090 ya mwaka 2022 ilipangiwa wati 450, na RTX 5090 iliyotoka mwaka 2025 ilipangiwa wati 575.

Kompyuta inayotumia wati 500 ni sawa na nusu ya hita ya kilowati moja. Ikichezewa kwa saa nne, imekula uniti mbili za umeme na kuziachia chumbani kama joto. Wakati wa baridi ya Januari hilo si tatizo. Katika usiku wa Julai, kwenye chumba cha zege chenye dirisha moja, ni tatizo la kulala.

Kasha haliwezi kulipunguza joto hilo. Linaloweza ni kulitoa nje ya sanduku kabla halijavidhuru vifaa. Prosesa nyingi za leo zikikaribia nyuzi joto 95 au 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na mchezaji huona picha zikikwama kwenye skrini. Wengi hapo hudhani kadi yao ni dhaifu, wakaenda kununua nyingine, kumbe kasha ndilo lililowabana.

Kwa hiyo tazama uso wa kasha. Ukiwa wa wavu ulio wazi, feni za mbele huvuta hewa baridi bila kizuizi, nazo za nyuma na za juu huisukuma ile yenye moto nje. Ukiwa wa kioo au wa plastiki iliyozibwa, na mianya myembamba tu pembeni, feni hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa ili kupata hewa ile ile. Si kila kasha la kioo ni baya. Yapo yaliyoundwa kuvuta hewa kutoka chini na ubavuni, na yanafanya kazi vizuri. La kuuliza ni moja: hewa inaingia wapi, na inatoka wapi? Muuzaji asiyeweza kuonyesha njia hizo mbili kwa kidole hajakupa sababu ya kununua.

Kelele, vumbi na zulia

Feni za makasha nyingi zina upana wa milimita 120 au 140. Kwa hewa ya kiasi kile kile, feni pana huweza kuzunguka polepole zaidi, na kwa hiyo hupiga kelele kidogo. Ukiongeza feni mbili zinazofanana badala ya moja, kelele huongezeka kwa desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni tatu zinazotembea taratibu humsumbua jirani kidogo kuliko feni moja inayolia kama nyuki.

Feni zinazoingiza hewa zikiwa na nguvu kidogo kuliko zile zinazoitoa, hewa ya ziada huvutwa kupitia kila tundu na kila ufa, na vumbi huja nayo. Zikizidi zile za kuingiza, hewa huingia kupitia machujio tu, na mapengo hugeuka kuwa milango ya kutokea. Chagua kasha ambalo chujio lake la vumbi huchomolewa kwa mkono bila kufungua skrubu, kwa sababu lisilochomolewa kwa urahisi halisafishwi. Na chujio lisilosafishwa ni sawa na blanketi.

Nyumba nyingi za Uingereza zina mazulia. Makasha ya siku hizi huweka pawa saplai chini, na feni yake huvuta hewa kutoka sakafuni. Likiwekwa juu ya zulia lenye manyoya, tundu hilo huzibika. Kipande cha ubao au kigoda kifupi kinatosha kuondoa dhara hiyo. Vilevile kasha lisigusane na ukuta wa nje wenye unyevunyevu, wala lisisukumwe karibu na chuma cha kupashia nyumba joto.

Pale kasha lenyewe lilipokuwa hatari

Wapo watakaosema kwamba sanduku la bati haliwezi kuleta madhara. Mwezi Februari mwaka 2021, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za matumizi ilitangaza kurejeshwa kwa kasha dogo la H1 la kampuni ya NZXT, takriban makasha 32,000 yakiwa yameuzwa nchini humo. Skrubu mbili za chuma, zilizokuwa zikikishikilia kipande cha kuunganishia kadi ya grafiki, ziliweza kugusa njia ya umeme ndani ya kipande hicho, ikatokea shoti na hatari ya moto. Kampuni ilitoa vipande vipya badala ya vile vya awali.

Hilo ni fundisho kwa kila anayeishi ghorofani, ambako moto wa mmoja ni moto wa wote. Kabla ya kununua kasha, hasa lililokwisha kutumika, tafuta kama jina na namba yake vimo katika orodha za bidhaa zilizorejeshwa. Anayekuuzia kasha mkononi huenda mwenyewe hajui.

Njia ya mkato yenye miiba

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa programu ya Windows 10, na kompyuta nyingi za maofisini zisizokidhi masharti ya Windows 11 zikapoteza kazi. Kwa kijana mwenye fedha kidogo, kompyuta kama hiyo ni kishawishi: bei nafuu, prosesa bado ina nguvu, inahitaji kadi ya grafiki tu.

Lakini kasha la ofisi mara nyingi si la ATX. Ubao wake una umbo lake, pawa saplai ina plagi zake, na nguvu yake aghalabu ni wati 200 hadi 300. Zile nyembamba hupokea kadi fupi za nusu kimo peke yake. Aliyepanga kuuhamishia ubao huo kwenye kasha jipya huweza kukuta matundu ya skrubu hayalingani na hata swichi ya kuwashia haina pa kuchomekwa. Anayetaka kufuata njia hii apime kasha kwanza, kisha achague kadi inayolingana nalo, na si kinyume chake.

Ikiwa kompyuta itarudi nyumbani

Msikilizaji, kompyuta nyingi za ughaibuni zina maisha ya pili. Mwenye nayo anaponunua nyingine, ile ya zamani hufungwa na kupelekwa kwa mdogo wake Mombasa, Dar es Salaam au Kampala. Aliye na nia hiyo tangu mwanzo anafaa kuchagua kasha kwa kuzingatia nyumba zote mbili.

Umeme hauleti tabu kubwa, kwani Uingereza, Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ile ile yenye miguu mitatu bapa, na nguvu ya umeme inakaribiana, volti 230 hadi 240. Kinachobadilika ni hewa. Bara, vumbi jekundu hupenya kila mahali, na hapo machujio ya kuchomolewa huwa na thamani kuliko taa zote. Pwani, hewa ya chumvi hula bati lililokatwa bila kupakwa rangi. Pitisha kidole kwenye kingo za ndani za kasha: chuma kilichopakwa zinki na rangi kitadumu, alumini haishiki kutu, lakini bati jembamba lililo tupu kwenye kingo litaanza kubadilika rangi mapema.

Kwa safari yenyewe, ondoa kadi ya grafiki na ufunge peke yake. Kadi nzito ikining'inia ndani ya sanduku linalotikisika majuma kadhaa baharini huweza kulivunja tundu lake kwenye ubao mama. Mlango wa kioo kigumu nao una tabia yake: huvumilia pigo katikati, lakini ukingo wake ukigongana na sakafu ya vigae, hupasuka wote kwa mara moja na kuwa chembechembe. Kasha la milango ya chuma husafiri kwa amani zaidi.

Aidha, kinachotumwa kiwe kizima. Tangu tarehe 1 Januari 2025, mabadiliko ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za umeme, hata zile zisizo na sumu, zisivushwe mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Kompyuta iliyojaribiwa na inayofanya kazi ni zawadi. Iliyokufa ni taka, na mahali pake ni kituo cha kuchakata taka kilicho jirani nawe.

Basi mnunuzi afanye nini?

Kwa ufupi, aanze na rula nyumbani kabla ya kwenda dukani. Apime mahali kasha litakapokaa, na aache nafasi ya kiganja nyuma na juu yake. Aandike ukubwa wa ubao mama, urefu wa kadi na kimo cha kipoza, kisha aongeze milimita 20 hadi 30 za akiba. Atafute uso wa wavu, machujio yanayochomoka, na angalau feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa. Aangalie orodha za bidhaa zilizorejeshwa. Fedha ikibaki baada ya hayo, hapo ndipo achague rangi na taa.

Na kama fedha haitoshi, apunguze urembo wa kasha, asipunguze ubora wa pawa saplai. Kasha la bei ya kati, lenye wavu mbele na bila kioo, linaweza kuishinda kompyuta ghali iliyofungiwa ndani ya kabati la vioo. Wazazi nao wanaoombwa fedha za kitu hiki wana haki ya kuuliza swali lile lile moja: hewa inaingia wapi, na inatoka wapi? Kijana akijibu vizuri, ni dalili kwamba amefanya hesabu zake, na kwamba fedha ya nyumba haitageuka moshi.